Kwenu Wapi?

Mvua ilinikuta nimeshuka kwenye basi, ile mvua isiyokupa hata nafasi ya kufungua mwavuli. Nikakimbilia kibaraza cha jengo la ofisi lililokwisha kufungwa. Kwenye ngazi alikuwepo mvulana wa miaka 14 hivi, amekalia begi la shule. Viatu vyeusi vya shule, bila soksi. Saa nne kasoro usiku.

"Dada, hii mvua itakatika saa ngapi?"

Nikamwambia mvua haina ratiba. Akacheka kidogo, kama mtu anayelipa deni. Tukanyamaza wote wawili tukiangalia maji. Kisha nikamuuliza swali ambalo mtu mzima yeyote angeliuliza.

"Kwenu wapi?"

Hakujibu. Nikatoa simu, nia yangu ikiwa kutafuta namba ya mtu wa kumsaidia. Hilo yeye angelijuaje? Alichoona ni mtu aliyetoka kumuuliza kwao, sasa anabonyeza simu. Akanyanyuka, akalitundika begi begani, akaingia kwenye mvua kana kwamba haipo.

Pale alipokuwa amekaa lilibaki daftari la Hisabati. Sehemu ya jina kwenye jalada ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, taratibu, bila kuitoboa karatasi.

Daftari hilo lina wiki sita mezani kwangu.

## Namba tatu

Usiku ule nilipiga namba tatu. Ya kwanza haikuwa ikitumika tena. Ya pili iliita mpaka ikakata. Ya tatu alipokea mlinzi, mtu mpole kwa kweli, akaniambia ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi.

"Mlete kesho," akasema.

Nimlete nani? Mwenyewe keshapotelea kwenye giza.

Kilichonisumbua baadaye hakikuwa ofisi iliyofungwa, maana ofisi kufungwa usiku tumeshazoea. Kilichonisumbua ni kwamba mtoto alikuwa ameanza mazungumzo. Yeye ndiye aliyenisemesha. Alikuwa amechagua mtu mmoja kati ya wote waliopita, akamjaribu kwa swali la mvua, na yule mtu akafeli kwenye jibu lake la pili.

## Kaka

Hili sijawahi kuliandika.

Kaka yangu alitoroka nyumbani akiwa na miaka 15. Mjomba alimkuta jioni ileile, akamrudisha amemshika mkono. Watu wakajaa sebuleni, wakashukuru, wakamsifu mjomba, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili kwa miaka miwili nikisikia kila kilichokuwa kikitokea ndani ya nyumba ile, na mimi pia sikusema neno.

Siku ya nane akaondoka tena. Mara hii hakuna aliyemkuta.

Miaka minne.

Baada ya usiku wa mvua nilimpigia. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, na mambo haya huwa hatuyagusi. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakumwambia mjomba ukweli. Akakaa kimya hadi nikadhani simu imekatika.

"Njia nzima alikuwa ananiambia mama analia," akasema. "Nilijua mama analia. Mama alikuwa analia hata nilipokuwepo."

Halafu akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za kazi.

## Neno lililofunga faili

Nikaanza kusoma, maana ndiyo namna yangu ya kukwepa usingizi. Nilitaka kujua watu wengine walifanya nini na mlango huu: nani aliwahi kuufungua usiku, na nini kilimpata.

Nikaikuta nyumba ya San Francisco iliyofunguliwa Juni 1967, Huckleberry House. Majira yale vijana walikuwa wakimiminika mjini kwa maelfu. Kwa sheria za Marekani za wakati huo, mtoto kuondoka nyumbani bila ruhusa lilikuwa kosa la kutosha kumkamatisha, na aliyemhifadhi naye alijiweka matatani. Nyumba ile ikafanya jambo ambalo leo linaonekana la kawaida kabisa: ikampa mtoto kitanda, ikawapigia wazazi simu, kisha ikawakalisha pande zote mbili chini. Miezi michache baadaye polisi waliivamia, wakawakamata wahudumu.

Kilichonikaa zaidi ni kisa cha mji wa Houston, hukohuko Marekani. Mwaka 1973 iligundulika kwamba mtu mmoja, Dean Corll, alikuwa ameua wavulana na vijana wasiopungua 27 katika muda wa miaka mitatu hivi. Baadhi yao wazazi walikuwa wamekwenda polisi kuripoti. Walijibiwa kwamba mtoto ametoroka.

Ametoroka. Neno moja, faili limefungwa.

Angalia linavyofanya kazi hata kwetu sisi wasemaji. Aliyepotea hutafutwa. Aliyetoroka husubiriwa arudi akiwa na adabu. Sarufi yenyewe imeshamtia hatiani, kwa sababu kitenzi ni chake yeye, kosa ni lake yeye, na waliobaki nyumbani hawamo kwenye sentensi.

Mwaka uliofuata, 1974, Marekani ikapitisha sheria ya kwanza ya taifa ya kugharamia nyumba za kupokea vijana waliotoroka, na mwaka 1977 ikaongezwa ili iwataje pia wasio na makazi. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi lakini kubwa mtaani. Wako wengi ambao hawakutoroka kitu. Waliambiwa watoke.

## Saa 72

Ndani ya kanuni za nyumba hizo kuna kipengele nilichokisoma kwa hasira mara ya kwanza. Kijana akipokelewa, mzazi au mlezi atafutwe mapema iwezekanavyo. Shabaha ni ndani ya saa 24. Ukomo ni saa 72, na usalama wa mtoto uangaliwe kwanza.

Siku tatu! Mama akae siku tatu hajui mwanawe yuko hai au amekufa, na kuna mtu anayejua alipo?

Niliiweka chini nikaenda kuosha vyombo. Nilipokuwa kwenye sinki nikaanza kuhesabu saa za kaka yangu. Alitoka asubuhi, akarudishwa jioni. Saa kumi, tuseme kumi na moja. Katika saa hizo hakuna aliyemuuliza chochote, kwa sababu kila mtu alikuwa na haraka ya kumaliza. Kumrudisha ndiko kulikuwa kumaliza.

Sisemi saa 72 zingemwokoa. Nasema kwamba zingetosha mtu mmoja kukaa naye, akala, akalala, akaamka, na siku ya pili au ya tatu akasema lile ambalo yeye wala mimi hatukulisema kuhusu mkanda na nani aliyekuwa akiushika.

Kanuni zilezile zinasema nyumba isizidi vitanda 20, na kijana asikae zaidi ya siku 21 katika nyumba hiyo ya dharura. Kwa wakubwa kidogo, kuanzia miaka 16 hadi kabla ya 22, upo mpango mwingine wa makazi ya mpito unaofika siku 540, na wenye sababu maalumu huongezwa hadi 635. Nilizipenda namba hizi kwa ubaridi wake. Kuna mtu aliyekaa akafikiri kwamba nyumba ya vitanda 20 unaweza kumjua kila mtu kwa sauti yake, na nyumba ya vitanda 200 ni ghala.

## Mama wa zamu ya usiku

Rafiki alinikutanisha na mama mmoja ambaye amefanya kazi ya kutembea usiku kuwafuata watoto kwenye maskani zao kwa miaka 11. Hataki jina lake hapa, wala la shirika lake, na nimemwahidi.

Nilimsimulia usiku wa mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, simu ni pingu," akasema. "Ukiitoa tu, ameshaona gari linakuja."

Akanionyesha anavyokaa. Kwanza hasimami mbele ya mtoto, huchuchumaa au hukaa chini zaidi yake. Hakai upande wa njia ya kutokea. Mikono huwa juu ya magoti, mahali inapoonekana. Begani ana mfuko wenye plasta, kikata kucha, pamba na dawa ya vidonda, na swali lake la kwanza mara nyingi ni la miguu.

"Miguu inauma wapi?"

Kwa nini miguu? Kwa sababu karibu kila mmoja wao ana kitu miguuni, akasema, na kwa sababu mtu anayekuinamia kukutazama unyayo huwezi kumwogopa sana. Miguu pia inaongea. Malengelenge mapya maana yake ametembea jana na juzi, bado ni mgeni, bado kuna nafasi. Ngozi ikishakuwa ngumu, hadithi ni ndefu.

"Mgeni anatazama kila anayepita," akaniambia. "Mwenyeji hatazami mtu."

Wangu alinitazama. Alinisemesha, hata.

Nikamuuliza kuhusu majina. Akacheka. Jina huja siku ya tatu, akasema, na la kwanza huwa la uongo. Yeye huliandika hivyohivyo na kumwita mtoto kwa hilo, kwa heshima zake zote, hata kama keshajua si lenyewe. Kuna msichana aliyemwita kwa jina la bandia miezi saba. Siku aliyompa la kweli alilitamka polepole, kama anajifunza kulisema.

Sikumwambia habari za daftari. Sijui kwa nini.

## Je, tunawafundisha kutoroka?

Rafiki yangu mmoja, mama wa vijana watatu, aliposikia ninachoandika alinirukia. "Mkiwajengea pa kukimbilia, watakimbia. Mtoto ukimnyima simu tu, kesho yuko kituoni anasema ananyanyaswa."

Ninamheshimu, na hofu yake si ya kijinga. Nimeizungusha kichwani wiki nzima.

Nikirudi kwenye takwimu naona jambo jingine. Utafiti wa Chapin Hall wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliotolewa 2017, ulikadiria kwamba Marekani, katika muda wa mwaka mmoja, kijana mmoja kati ya 30 wa miaka 13 hadi 17 alipitia hali ya kukosa makazi kwa namna fulani, wakiwemo waliotoroka na waliofukuzwa. Kwa wa miaka 18 hadi 25 ni mmoja kati ya 10. Kanada, utafiti wa kitaifa wa 2016 uliwakuta asilimia 40 ya vijana wasio na makazi wakisema mara ya kwanza iliwatokea kabla hawajafika miaka 16. Watoto hawa wote hawakukimbia kwa sababu ya simu. Na kaka yangu aliondoka wakati hapakuwa na kituo chochote cha kumshawishi. Aliondoka kwenda kusikokuwa na kitu, akaona ni afadhali.

Lakini rafiki yangu ana hoja nyingine ambayo hakuisema, nami nitamsemea. Mlango wa kukimbilia unaweza nao kuwa mtego. Covenant House, iliyoanzia New York mwaka 1972, ilikua ikawa moja ya taasisi kubwa kabisa za kuhifadhi vijana wasio na makazi. Mwaka 1990 mwanzilishi wake, padri Bruce Ritter, alijiuzulu kufuatia tuhuma za kuwa na mahusiano ya kingono na baadhi ya vijana waliopita pale. Yeye alizikana. Taasisi ilibadilisha uongozi, ikajisafisha, na ipo hadi leo. Hata hivyo, nilipoisoma habari hiyo nilielewa kwa nini mama wa zamu ya usiku hatembei peke yake kamwe, na kwa nini mtoto anapopokelewa kwao hupewa siku hiyohiyo namba ya mtu wa nje ya shirika wa kumpelekea malalamiko.

Yaani malalamiko dhidi yake yeye, mama huyo.

"Anayekasirika kwa hilo," akasema, "hafai kazi hii."

## Milango isiyofanana na milango

Nilikuwa nikidhani msaada ni jengo. Sasa ninavutiwa zaidi na vile vitu vidogo vinavyomfikia mtoto kabla hajalifikia jengo.

Louisville, jimbo la Kentucky, mwaka 1983 walianza kubandika alama ya njano yenye umbo la almasi kwenye maktaba, vituo vya zimamoto na sehemu nyingine ambazo watu huingia bila kuulizwa. Ni mpango wa Safe Place. Kijana akiiona anaingia, anasema anahitaji msaada, na aliyepo anajua ampigie nani. Uingereza, tangu 1987, mpango wa Nightstop unawatumia watu wa kawaida wenye chumba cha ziada, waliochunguzwa na kufundishwa, wanaompokea kijana wa miaka 16 hadi 25 kwa usiku mmoja au zaidi. India, mwaka 1996, Jeroo Billimoria alianzisha namba 1098 pale Mumbai baada ya watoto wa mitaani kumzoea mno kiasi cha kumpigia yeye binafsi usiku kila mambo yalipoharibika. Kenya, Tanzania na Uganda namba ya simu ya watoto ni 116. Nilikuwa siijui kichwani usiku ule. Sasa naijua, na inaniuma kuona ni tarakimu tatu tu.

Yupo pia David Maidment, aliyekuwa bosi wa mambo ya usalama katika reli za Uingereza. Akiwa safarini India alimwona msichana mdogo kwenye stesheni ya Churchgate, Mumbai, akijichapa kwa mjeledi ili wapita njia wampe pesa. Picha hiyo haikumtoka. Mwaka 1995 akaanzisha Railway Children, na wazo lililoibeba ni la mtu wa reli kwelikweli: mfikie mtoto stesheni, mapema, kabla mwingine hajamfikia.

Nililisoma hilo nikaenda kufungua daftari kwa mara ya kwanza.

Kurasa kumi na moja zimeandikwa. Sehemu, desimali, kisha milinganyo. Mwalimu amesahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka ukurasa wa tisa. Kurasa mbili za mwisho hazina alama yoyote, bali mtoto ameendelea kufanya mazoezi mwenyewe, hesabu baada ya hesabu, na moja ameikosea, akaifuta, akairudia, akaipata.

Huyu aliondoka na daftari. Katika vyote vya kubeba.

## Ujumbe usio na anwani

Kitu kimoja katika haya yote kilinifanya niweke karatasi chini nikatoka nje kupumua. Laini ya simu ya vijana waliotoroka ya Marekani, ambayo mizizi yake ni Chicago mwaka 1971, hupokea ujumbe. Mtoto anaweza kupiga, akaacha maneno ya kumfikishia mzazi, nao wakayafikisha bila kusema alipo. Mzazi naye anaweza kuacha majibu yake, mtoto akayakuta siku atakayopiga tena. Wakikubaliana, wanaunganishwa wote wawili kwenye simu moja huku mhudumu akisikiliza. Na tangu 1995, aliye tayari kurudi na ambaye nyumbani wako tayari kumpokea anaweza kupewa tiketi ya basi bure kwa ushirikiano na kampuni ya Greyhound.

Tiketi ni jambo zuri. Ila mimi nimeganda kwenye ule ujumbe.

Mwambieni mama niko hai. Msimwambie niliko.

Mama yetu aliishi miaka minne bila sentensi hiyo. Kila simu ikiita alikuwa akifuta mikono kwanza, hata kama haikuwa na maji. Nimemuuliza kaka kama angelituma neno, endapo pangekuwepo pa kulituma. Akasema angelituma wiki ya kwanza.

## Zamu

Mwezi huu nimeanza kujitolea kwenye laini ya simu ya vijana, usiku mbili kwa wiki. Mafunzo yalikuwa ya siku tano, na nusu yake ilikuwa kujifunza kunyamaza. Walitufundisha kwamba simu nyingi hupigwa na mtu asiyesema kitu. Wapya hudhani ni utani, wakakata. Mwiko. Unasema upo, unasema huna haraka, halafu unabaki.

Kwenye fomu ya kila simu kuna kisanduku cha mahali. Mkufunzi alituambia tukiache wazi mpaka mpigaji akijaze mwenyewe.

Simu yangu ya tatu ilikuwa ya kimya. Nikasema nipo. Nikasikia pikipiki ikipita mbali, kisha mtu anavuta pumzi. Dakika moja, mbili. Mkono wangu ulikuwa unatafuta swali la kuuliza, nao ninaujua vizuri swali lake ni lipi, basi nikaukalia. Kabisa, nikaukalia.

Dakika ya sita ikasikika sauti. Sikuweza kujua ni ya mvulana au msichana.

"Hapo mnafunga saa ngapi?"

"Hatufungi."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

"Haya," ikasema, na simu ikakatwa.

Nikaandika saa kumi kasoro robo. Dakika sita. Jina, hakuna. Umri, haujulikani. Nikakiruka kisanduku cha mahali, nikaweka kalamu chini, nikasogeza simu karibu.